Kamio la Zamani na Motere ya Mazutu

Watoto, mara nyingi mmeona kamio la zamani likipita katika barabara yetu. Rangi yake imechakaa. Mlango mmoja umefungwa kwa waya. Lakini linatembea. Limebeba magunia ya maharagwe, mafuta ya mawese, mbao na mikungu ya ndizi. Juu ya magunia wameketi akina mama na watoto wao. Siku nyingine limebeba dawa za dispanseri, au vitabu vya shule, au mgonjwa aliyelazwa juu ya mkeka.

Kamio likilala njiani siku tatu, ndizi zinaoza, mgonjwa anachelewa, na mwalimu anangoja chaki. Na freni zikikatika mlimani, tunazika watu. Kwa hiyo kutunza kamio si kazi ya chuma tu. Ni kazi ya kuwalinda watu.

Kiwanda cha Mercedes-Benz, katika nchi ya Ujerumani, kilianza mwaka 1959 kutengeneza makamio yenye pua fupi ya mviringo. Mengi yaliletwa Afrika, na mengine yangali yanafanya kazi. Yamedumu kwa sababu gani? Si kwa bahati. Yamedumu kwa sababu kila asubuhi mtu fulani aliinama, akatazama, akafuta, akakaza. Leo tutajifunza mtu huyo anafanya nini nyumbani kwake, chini ya mwembe, kwa kle chache na kitambaa safi.

1. Mazutu huwakaje bila cheche?

Motere ya esanse huwashwa kwa cheche ya umeme. Motere ya mazutu haina cheche. Basi moto wake watoka wapi?

Chukueni pompi ya baisikeli. Zibeni tundu lake kwa kidole, kisha sukumeni kwa nguvu mara nyingi. Shikeni chini ya pompi: ni moto. Hewa ikibanwa, inapata joto.

Motere ya mazutu inafanya vilevile. Ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni ikipanda, inaibana hewa mpaka ikae katika sehemu moja ya kumi na saba hivi ya nafasi yake ya kwanza. Hewa hiyo inapata joto kupita digri 500. Hapo enjekteri, yaani mdomo mdogo wa chuma, inanyunyiza mazutu kama ukungu. Mazutu yanagusa hewa ya moto, yanawaka mara moja, na kuisukuma pistoni chini. Ndiyo nguvu inayozungusha magurudumu.

Aliyebuni motere hiyo ni Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris mwaka 1858, na wazazi wake walikuwa Wajerumani. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, motere yake ilijaribiwa mbele ya wataalamu, ikafanya kazi vizuri. Alifariki mwaka 1913, alipopotea baharini usiku akisafiri kwa meli kwenda Uingereza. Jina lake limebaki: ndiyo maana watu husema «dizeli».

Shikeni neno hili: motere ya mazutu inataka hewa safi, mazutu safi na mafuta mazuri. Ikipata hivyo vitatu, inaishi miaka mingi. Ikinyimwa kimoja, inaanza kufa.

2. Adui wa kwanza: vumbi

Wakati wa kiangazi barabara zetu za udongo hutoa vumbi jekundu. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga. Mchanga ukiingia katika silinda, unakwaruza chuma kama tupa. Siku hiyo hamwoni kitu. Baada ya miezi michache motere haina nguvu tena, nayo inakula mafuta.

Mlinzi wa motere ni chujio la hewa. Katika makamio mengi ya zamani chujio hilo lina bakuli yenye mafuta chini. Hewa inapita juu ya mafuta, vumbi linanasa, hewa safi inaendelea. Fungueni bakuli kila juma, na wakati wa vumbi jingi kila siku. Mkiona matope chini, mwageni mafuta hayo katika kopo, osheni bakuli kwa mazutu, pangusani, tieni mafuta mapya mpaka kwenye alama. Msizidishe. Mafuta yakizidi, motere itayavuta ndani na kuyachoma, hata inaweza kwenda mbio bila kuzuilika.

Tazameni pia mpira unaounganisha chujio na motere. Ukipasuka, vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma, na chujio halina faida tena.

3. Adui wa pili: maji katika mazutu

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya mazutu ina gramu 840 hivi. Kwa hiyo maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hulala chini, na mazutu huelea juu yake. Jaribuni katika chupa, mtaona.

Mazutu yanayouzwa njiani katika madebe na mapipa mara nyingi yana maji na uchafu. Pipa limenyeshewa mvua, au chupa haikukauka. Maji hayo yakifika katika pompi na enjekteri, yanaleta kutu. Na vyuma vya ndani ya pompi vimekaribiana mno: nafasi iliyo kati yao ni elfu chache tu za milimeta, yaani nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Chembe moja ya kutu au mchanga yatosha kuviharibu.

Basi fundi mwenye akili anafanya hivi:
— Analiacha pipa litulie usiku kucha kabla ya kuchota.
— Hachoti mpaka chini. Anaacha kimo cha kiganja cha mkono.
— Anachuja mazutu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.
— Anajaza tangi jioni, maana katika tangi tupu hewa ya usiku huacha matone ya maji, kama umande juu ya majani.
— Asubuhi, kabla ya kuwasha, anafungua skuru ya chini ya chujio la mazutu, anaacha maji yatoke katika kopo. Mazutu safi yakianza kutoka, anafunga.

Kazi hiyo inataka dakika tano. Pompi iliyoharibika yaweza kumgharimu mtu fedha za mavuno mazima.

4. Kazi ya kila asubuhi

Kamio lisimame mahali pa sawasawa, na motere iwe baridi.

Kwanza, mafuta ya motere. Vuteni kijiti cha kupimia, kifuteni, kirudisheni, kivuteni tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Msishangae yakiwa meusi: katika motere ya mazutu masizi huyafanya meusi upesi, na hilo si ugonjwa. Lakini yakiwa meupe kama kahawa yenye maziwa, maji yameingia ndani. Na yakiwa yamepanda bila mtu kuyaongeza, labda mazutu au maji yamechanganyika nayo. Hapo msiwashe. Iteni fundi.

Pili, maji ya rediateri. Tumieni maji masafi ya mvua kama yanapatikana, maana maji mengine huacha chokaa katika vijia vyembamba. Msifungue kifuniko cha rediateri yenye moto! Maji yaliyobanwa humo yanaruka yakichemka, na kuunguza uso na macho. Tena msimwage maji baridi katika motere iliyochemka. Chuma kinaweza kupasuka kama chungu. Ngojeni ipoe.

Tatu, mkanda unaozungusha feni. Usukumeni kwa kidole gumba: uingie kiasi cha unene wa kidole, si zaidi. Ukilegea, motere inachemka na batri haipati umeme.

Nne, magurudumu. Zungukeni kamio lote. Gongeni mipira kwa nyundo, gusaneni na kila bulo. Bulo iliyolegea huonyesha alama ya kutu au chuma king'aacho pembeni yake.

Tano, chini ya kamio. Tazameni ardhi. Kuna tone? Ni maji, mafuta au mazutu? Tone la leo ni dimbwi la kesho. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

5. Hewa imeingia katika mabomba

Tuwasikilize fundi mzee na kijana wake, karibu na kamio ambalo halitaki kuwaka.

Kijana: «Baba, mazutu yapo, batri ina nguvu, lakini motere haiwaki. Niwaite watu walisukume?»

Fundi: «Ngoja kwanza, mwanangu. Jana lilisimama wapi?»

Kijana: «Liliishiwa na mazutu kilimani, Baba. Tukatia lita 20.»

Fundi: «Basi ugonjwa tumeujua. Mazutu yalipokwisha, hewa iliingia mahali pake. Mazutu hayabaniki, bali hewa hubanika. Pompi inasukuma, hewa inajikunja na kujikunjua, na enjekteri hainyunyizi kitu. Ukizungusha motere mchana kutwa, utaiua batri tu.»

Kijana: «Tufanye nini, Baba?»

Fundi: «Tuitoe hewa, kwa utaratibu, kuanzia tangi kwenda mbele. Lete kle, kopo na kitambaa. Na kwanza futa vumbi kila mahali tutakapofungua.»

Wakafanya hivi:
Kwanza, fundi alilegeza skuru iliyo juu ya chujio la mazutu. Kijana alisukuma pompi ndogo ya mkono. Yalitoka mapovu. Akaendelea mpaka mazutu yakatoka bila povu hata moja. Fundi akakaza skuru, huku kijana akiendelea kusukuma.
Pili, walifanya vilevile kwenye skuru iliyo juu ya pompi kubwa.
Tatu, fundi alilegeza kidogo nati za mabomba yanayokwenda kwenye enjekteri. Kijana akazungusha motere kwa demarere kwa sekunde kumi hivi, akaipumzisha, akarudia. Mazutu yalipoanza kutoka kwenye kila nati, fundi akazikaza zote.
Nne, motere iliwashwa. Ilikohoa mara mbili tatu, ikanguruma sawasawa.

Kijana alitaka kuweka kidole mahali palipokuwa pakivuja, motere ikitembea. Fundi akamshika mkono. «Usifanye hivyo kamwe! Mazutu yanayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano. Utaona kitundu kidogo, utacheka. Kesho mkono umevimba, na labda utakatwa. Mtu akipata jeraha la namna hiyo, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama haoni maumivu.»

6. Moshi unasema

Fundi hutazama moshi kama mganga atazamavyo ulimi wa mgonjwa.

Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa. Anzeni kwa kutazama chujio la hewa: labda limeziba. Au kamio limepakiwa kupita kiasi. Au enjekteri imechoka, inadondosha badala ya kunyunyiza.

Moshi mweupe: mazutu yanatoka bila kuwaka. Asubuhi ya baridi si ajabu, nao huisha motere ikipata joto. Usipoisha, na maji ya rediateri yanapungua kila siku, maji yanaingia katika silinda.

Moshi wa rangi ya buluu: motere inachoma mafuta yake. Pistoni na silinda zimelika. Mara nyingi ni yale mavumbi ya zamani ambayo mtu hakuyajali.

Zipo kazi ambazo hazifanywi chini ya mwembe. Msifungue ndani ya pompi ya mazutu. Msibadili kipimo chake ili kamio lipate nguvu zaidi. Pompi hiyo inapimwa kwa mashine maalum katika karakana, naye aipimaye amefundishwa. Fundi mwema anajua kazi yake, na anajua pia mahali kazi yake inapokoma.

7. Freni na mteremko

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta 1460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganika liko kwenye meta 770 hivi. Kamio linalotoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo lazima lishuke tofauti hiyo. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde refu. Pale ndipo huonekana nani alitunza freni zake.

Makamio makubwa mengi hufunga freni kwa nguvu ya hewa iliyohifadhiwa katika matangi. Ndani ya matangi hayo hukusanyika maji. Fungueni skuru ya chini kila jioni, maji yatoke. Asubuhi ngojeni mpaka sindano ya kipimo ifike kwenye alama. Kisha zimeni motere na kusikiliza. Mkisikia «ssss», hewa inavuja: hakuna safari. Kabla ya kuuacha uwanja, jaribuni freni polepole mahali pa sawasawa.

Kushuka kwenyewe kuna sheria: shuka kwa vitesi ile ile ambayo ungepandia. Motere yenyewe itazuia kamio, na freni zitasaidia tu. Freni zikikanyagwa bila kupumzika, zinapata moto mkali, na mwisho hazishiki tena. Mashofere wengine hutoa vitesi mlimani, kamio lishuke bure, wapate kubakiza lita chache za mazutu. Wanauza roho za watu kwa lita mbili tatu! Amri ya tano yasema: usiue. Haikuandikwa kwa wenye mikuki peke yao. Inamhusu pia mtu anayejua kwamba freni ni mbaya, naye anapakia watu.

8. Fundi ajilinde mwenyewe

Msiingie kamwe chini ya kamio lililoshikwa na kriki peke yake. Kriki huteleza. Wekeni magogo imara chini ya chuma cha gari, na vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu. Msifanye kazi motere ikizunguka, huku mmevaa nguo inayoning'inia karibu na mkanda. Msiwashe motere ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake huua. Na mafuta machafu msiyamwage chini: mvua itayapeleka kisimani. Yatieni katika debe lenye kifuniko.

Fungo la somo

Baadhi ya mashofere hutundika picha ya Mtakatifu Kristofori mbele ya volani. Ni vizuri kumwomba. Lakini Mtakatifu Kristofori hakazi bulo. Mungu ametupa macho ya kutazama, masikio ya kusikiliza na mikono ya kukaza. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili tukumbuke kwamba kazi ya mikono ikifanywa kwa uaminifu ina heshima kubwa. Mtu anayepangusa chujio alfajiri, wakati hakuna amwonaye, anawafanyia mema watu asiowajua: mama mwenye mtoto juu ya magunia, mgonjwa juu ya mkeka. Wao watafika jioni wakiwa wazima, nao hawatajua jina lake. Mungu analijua.

Maneno

Kamio: motokari kubwa ya mizigo.
Mazutu: mafuta yanayochomwa na motere ya dizeli.
Enjekteri: mdomo wa chuma unaonyunyiza mazutu ndani ya silinda.
Demarere: mashine ndogo ya umeme inayozungusha motere ili iwake.
Kriki: chombo cha kuinulia gari.

Maswali

1. Kwa nini pompi ya baisikeli inapata joto? Jambo hilo linafanana na nini katika motere ya mazutu?
2. Motere ya mazutu inataka vitu gani vitatu?
3. Kwa nini maji hukaa chini ya mazutu? Fundi anayatoa namna gani?
4. Mafuta ya motere ni meusi. Je, ni hatari? Yakiwa kama kahawa yenye maziwa?
5. Elezeni kwa utaratibu jinsi ya kutoa hewa katika mabomba.
6. Kamio linatoa moshi mweusi. Mtatazama kitu gani kwanza?
7. Shofere anatoa vitesi mlimani. Mtamwambia nini?

Hesabu

1. Kamio linatumia lita 30 za mazutu kwa kilometa 100. Litatumia lita ngapi kwa safari ya kilometa 140?
2. Lita moja ya mazutu ina gramu 840. Mazutu ya pipa la lita 200 yana uzito wa kilo ngapi?

Zoezi

Mwombeni shofere au fundi wa karibu ruhusa ya kumtazama anapofanya kazi ya asubuhi. Kisha andikeni sentensi kumi: alitazama nini kwanza, nini baadaye, na kwa sababu gani.